Mgongo Huu Ni Wangu, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba lile jino lako limetulia, maana mara ya mwisho lilikutesa mpaka ukaendesha kikao cha familia umeshika shavu. Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini ndiko kwenye habari, na ndiko barua hii inakokwenda.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu kama watu wa siku hizi. Kaka, nakuheshimu, ila mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Nikisema neno moja unanirudishia ishirini, na kabla sijafika kwenye la pili umeshafunga kikao. Hatukukupa jina la Mwenyekiti bure. Karatasi haikatizwi maneno. Utaisoma mpaka mwisho, na ukitaka kufoka utamfokea wifi, ambaye amezoea.

Nitampa mdogo wetu barua hii mkononi leo Jumatano mchana, na nitamwapisha asikufikishie kabla ya Ijumaa saa sita. Tafadhali usimgombeze. Hajui kilichomo ndani, ingawa najua ataitazama kwenye mwanga wa dirisha, maana yule naye! Ndiyo maana nitaikunja mara nne na kuipiga pini mbili za namba, zile tunazobana kwenye nguo za wateja. Ukikuta zimelegea, ujue nani kazilegeza.

Sasa nianze na pasi. Miezi minne iliyopita, asubuhi, nilikuwa namalizia mashati ya wahudumu wa ile hoteli, thelathini na mbili, kola zimetiwa wanga mpaka zinasimama zenyewe. Msaidizi wangu, yule mama tunayemwita Bi Kimya kwa sababu huongea tangu anafungua mlango mpaka anaufunga, alikuwa nyuma anasuuza. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikanyanyua shati haraka, nikaligeuza mbele na nyuma, zima. Nikakagua la chini yake, nalo zima. Bi Kimya akatoka mbio, akapiga yowe kwamba ninayeungua ni mimi. Ile pasi ndogo ya kola ilikuwa imeteleza kutoka kwenye stuli ikaegemea mguu wangu wa kushoto. Ndala imeyeyuka, ngozi imebabuka, na mimi nimesimama palepale natafuta doa kwenye shati la mtu! Sikuhisi kitu, kaka. Maumivu hakuna, joto hakuna. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya utu uzima wangu.

Na kabla ya hapo unajua mambo yalivyokuwa, kwa sababu ulikuwa mchekaji mkuu. Miaka miwili nikitembea kutoka dukani kwangu mpaka kituo cha basi, mwendo wa nyumba kumi tu, mapaja yanawaka, miguu inakuwa mizito, nasimama nainama nashika magoti kama mtu aliyeangusha sindano. Nikikaa dakika tano, yote yameyeyuka. Nikiinamia meza ya pasi, siumwi hata kidogo. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mdogo wetu akasema mimi huumwa nikitumwa tu. Wewe nawe ukatia chumvi. Uliniona kwenye lile duka kubwa nasukuma kitoroli kutoka kwenye sabuni mpaka kwenye ndoo za plastiki bila kusimama, ukajibanza nyuma ya rafu unanihesabia hatua, mtu mzima na mvi zako! Jioni ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba mgongo wangu huuma kwa ratiba. Nililia siku ile, nikujulishe. Sikulia maumivu, nililia kuitwa mwongo.

Basi kidonda cha mguu ndicho kilichonipeleka hospitali, na huko wakanipeleka kwa daktari wa mgongo. Mwanamke mfupi, umri wake chini ya mdogo wetu, koti lake limepigwa pasi na mtu mwenye hasira. Nilijiuliza kama mtu asiyejua hali ya kola yake ataujua mgongo wangu. Aliniamuru nitembee kwenye korido mpaka nitakaposhindwa, akanifuata nyuma. Niliposhindwa akanikalisha, akaniuliza kama nikiwa dukani nasukuma kitoroli naumwa. Ala! Nilidhani umeshampigia simu. Nikamjibu kwa ukali kwamba siumwi, na kama naye amekuja kunisuta aseme. Akacheka, akasema hapana, hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyojitambulisha. Njia ya neva kwenye mgongo wa chini imebana. Mtu akisimama wima inabana zaidi, akiinama mbele inafunguka kidogo na neva zinapumua. Kwa hiyo kaka, ule ushahidi wako wa kitoroli ndio ulionipatia haki yangu. Ahsante sana.

Kisha wakaniingiza kwenye ile mashine ya duara, nimelala chali kama mkate unaoingia kwenye tanuri, inagonga kama mafundi bati kumi. Daktari akanionyesha picha. Pingili zimepangana vizuri, hakuna iliyoteleza, ila katikati, penye mfereji wa neva, sehemu mbili zimekuwa nyembamba mno, mfupa umeota kwa ndani na kano imenenepa. Nikaelewa mara moja. Ni kama ule mpira wa pasi ya mvuke unapojaa magamba ya maji ya chumvi: pasi nzima, umeme upo, mvuke haufiki. Nilipomwambia hivyo akaniomba ruhusa ya kuutumia mfano huo kwa wagonjwa wengine. Nikamruhusu, kwa sharti abadilishe dobi wake.

Wewe ulidhani, na umesema mbele ya watu, kwamba nilitishwa nikakimbilia kisu. Thubutu! Nilifanya mazoezi ya kuvuta magoti kifuani miezi miwili, sakafuni hapa dukani, Bi Kimya akinihesabia kwa sauti mpaka wateja wakauliza kuna nini. Nilichomwa sindano ya mgongoni, dawa ikashuka mpaka kwenye neva, nikapata wiki tatu za raha, halafu mguu ukarudi kulekule. Tena safari hii unyayo ukaanza kuburura. Ndipo daktari akakaa na mimi karibu saa nzima kunieleza njia zilizobaki. Ipo ile ya zamani ya kupasua mgongo kwa mkato mrefu na kufunga pingili kwa skrubu, akasema hiyo ni ya watu ambao pingili zao zimelegea, mimi siihitaji. Ipo ya kupachika kijiti kidogo kati ya mifupa miwili ili ikae imeachana, nayo akasema kwa mbano wangu ulivyo hainifai. Ipo ya kutoboa tundu, tundu lenyewe si kubwa kuliko la kifungo cha koti, wapitishe kimrija chenye taa na kamera, kisha wakwangue kilichozidi na kuzipa neva nafasi. Misuli haikatwi, inasukumwa pembeni tu. Mgonjwa husimama siku hiyohiyo au ya pili yake, na hiyo ndiyo akasema inanifaa.

Nikamuuliza kuna hatari gani, na usifikiri alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema utando unaofunika neva unaweza kutoboka, uchafu unaweza kuingia, neva inaweza kuguswa, na miaka ikipita njia inaweza kubana tena. Akasema maumivu ya kutembea yana nafasi nzuri ya kupungua, ila ganzi ya unyayo hawezi kuniahidi, maana neva ikikaa imebanwa muda mrefu mno huwa hairudi yote. Akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna aliyewahi kuwa na shida hii. Nikaangalia ile picha ya mgongo wangu ukutani. Nilimwambia sijui.

Ndipo nikaja kwako na bahasha yangu, familia nzima imekaa, nikidhani naleta habari, kumbe naleta kesi. Ulizishika zile picha kichwa chini miguu juu, ukazitazama kwa makini sana, ukatikisa kichwa kama profesa. Ulianza kwa kusema kwamba anayesimama na pasi kutwa hana mgongo mbovu. Nikavua kiatu, nikawaonyesha kovu. Wifi akalia, Mungu ambariki. Hapo ukageuza wimbo. Ukasema kumbe naumwa kweli, basi duka lifungwe, nihamie kwenye kile chumba chenu cha nyuma chenye dirisha linalotazama tangi la maji, nipumzike, niletewe chai. Ndani ya saa moja nilitoka kuwa mwongo nikawa kilema, na katikati hapo hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini.

Nataka kutembea, kaka. Ndicho ninachotaka. Nina miaka arobaini na saba, nina pasi nne, nina wateja wanaojua kwamba shati likitoka kwangu limetoka. Chumba chako ni kizuri na roho yako ni nzuri, lakini mimi si koti la msimu mwingine hata nitundikwe nyuma ya mlango. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Wewe unatembea kwenda kazini na kurudi, halafu unanigawia kupumzika!

Halafu ukafunga kikao kwa lile neno lako, lile ambalo kila mtoto wa nyumba hii analijua kabla hajajua kuhesabu. Kwamba baba aliingia hospitali kwa miguu akatoka kwa kiti cha magurudumu. Kwamba hakuna wa damu yetu atakayeutoa mgongo wake kwa kisu tena. Wote wakainamisha vichwa. Nami nikainamisha changu, na ukadhani nimekubali. Ukasema Jumamosi asubuhi utakuja na gari kunichukua mimi na mizigo.

Kaka, kesho Alhamisi saa mbili asubuhi napasuliwa. Utakapokuwa unasoma mstari huu, kitu kimeshakwisha. Fomu nimetia saini kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa, kila mtu aione. Bi Kimya amekabidhiwa funguo za duka na anakuja na mimi mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari amenionya kwamba haruhusiwi kuingia, nami nimemwonya daktari kwamba hilo amwambie yeye mwenyewe. Sikukuaga kwa sababu ungenizuia, na ningekusikiliza. Nakujua, na mimi najijua.

Hapa ningeweza kumalizia salamu zangu. Nimeweka kalamu chini mara mbili, nimepiga pasi suruali tatu ambazo hazikuwa na haraka, nimerudi. Kuna jambo nimelibeba miaka thelathini na moja, na siwezi kwenda kulala kwenye meza ya watu nikiwa nalo.

Baba hakuingia hospitali kwa miguu. Wewe ulikuwa chuoni, ulifika siku ya nne, ukakuta bandeji na kiti, ukajenga habari yako juu ya ulichokiona. Sikulaumu, na baba na mama hawakukusahihisha kwa aibu ya haya ninayokuandikia. Baba aliingia amelazwa juu ya mlango. Ni ule wa jikoni. Tuliung'oa kwenye bawaba mimi, mama na majirani wawili, tukambeba mpaka barabarani. Miguu ilikuwa imekufa tangu alfajiri, na mkojo ulikuwa unamtoka bila yeye kujua. Walimpasua siku hiyohiyo kujaribu kuokoa kilichobaki, na hakikubaki kitu. Daktari wa wakati ule alimwambia mama mbele yangu kwamba wangempata miezi minne nyuma, angetembea. Akauliza kwa nini hatukuja kwa tarehe tuliyopangiwa. Mama akasema hatukupangiwa tarehe yoyote, tulikuwa tunasubiri barua.

Kaka, ile barua ilikuja.

Unakumbuka barua za mtaa wote zilipitia sanduku la posta la shule. Mwalimu alinikabidhi wakati wa mapumziko, na muhuri wa hospitali juu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikaifungua nyuma ya madarasa, nikasoma kwamba baba afike siku fulani kwa upasuaji wa mgongo. Wiki mbili kabla yake, baba wa rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja alikwenda kupasuliwa tumbo, akarudi ndani ya sanduku la maiti. Nilichokiona mimi kwenye karatasi ile ni sanduku. Nikaichana vipande vidogo, nikavitupa kwenye choo cha shule. Nikajiambia nimemwokoa baba.

Alikuwa ananiuliza kila Ijumaa nikirudi kutoka shule, maana ndiyo siku barua zilipogawiwa. Unakumbuka alivyokuwa akitembea enzi zile, yule mwashi aliyejenga nusu ya kuta za mtaa, anaisukuma baiskeli yake ameiegemea, hapandi, na watu wanamcheka kwamba amenunua baiskeli ili aitembeze. Sasa najua kwa nini. Ilikuwa kitoroli chake. Alikuwa anaiegemea pale mlangoni ananiuliza kama barua imekuja, na mimi namwambia haijaja, baba. Ijumaa kumi na sita. Halafu ikafika asubuhi ya mlango wa jikoni.

Mama alikufa akidhani hospitali ilitusahau. Baba alikaa kwenye kile kiti miaka tisa akidhani hivyohivyo, na alikuwa akinisifu kwa kumfulia na kumpigia pasi mashati yake, akisema hakuna binti kama mimi. Pasi niliijulia hapo. Wewe uliporudi na ile habari ya kwamba kisu ndicho kilichomlemaza, ukaitangaza, ukaifanya sheria, mimi nikanyamaza, kwa sababu sheria yako ilinifunika. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za nyumba hii zote nazinyoosha mimi. Kwa miaka yote hiyo umekuwa ukiwakinga watu wa damu yako na adui asiyekuwapo. Mjomba aliukataa upasuaji wa mgongo kwa ajili ya neno lako, nawe unajua alivyomalizia siku zake kitandani. Naye yuko juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Msamaha nauomba, tena nauomba nimepiga magoti, yale magoti mabovu. Ruhusa siombi. Niliogopa mara moja kwa niaba ya mtu mwingine, na mguu uliolipa haukuwa wangu. Safari hii mguu ni wangu, mgongo ni wangu, na tarehe nimeisoma mwenyewe nikaitika. Daktari ameniambia ukweli wote na nimeusikia wote. Inawezekana nikaamka siwezi. Hilo nimelitazama usoni, na bado nakwenda.

Ukitaka kuacha kuniita mdogo wako baada ya haya, una haki, na sitakubembeleza. Lakini kwenye ile fomu kuna mstari unaouliza ndugu wa karibu wa kujulishwa, na hapo nimeandika jina lako, kwa sababu sina lingine ninaloweza kuliandika bila kufikiri. Kuwaeleza mdogo wetu na watoto habari ya kweli ya babu yao nitafanya mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nakuomba tu usiwaambie kabla yangu, na kuanzia leo usiwaambie tena ile nyingine.

Msalimie sana wifi, mwambie chozi lake la siku ile nililiona na nimeliweka. Wabusu watoto. Majirani zako wanaonidai mashuka yao wasihangaike, Bi Kimya ana orodha na ana mdomo. Nawe jino hilo nenda kaling'oe, usisubiri livimbe kichwa kizima.

Jumamosi gari lako bado lije. Ila usilete mtu wa kubeba mizigo, wala usiende dukani. Njoo hospitali, jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza, wodi ya wanawake. Utanikuta nimesimama au utanikuta kwenye kiti, sijui. Kwa vyovyote vile, usimkamate daktari umuulize amenifanya nini. Pita moja kwa moja mpaka kitandani kwangu, uniulize mimi nilimfanya nini baba.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga Pasi